Kishaanguka chini, unaokota au unaacha?

Nianze na hili la sekunde tano mana ndio linalonikera zaidi. Siku hizi ukikaa na watoto, na ata watu wazima, kitu kikianguka tu utaskia "sekunde tano bado!", mtu anainama anaokota anatia mdomoni, eti kwa muda huo mfupi bakteria hawajapata nafasi ya kupanda kwenye chakula. Wamelitoa kwenye vidio za simu na kwenye katuni, sasa limeingia mpaka kwenye sinia zetu za futari, na mtu analisema kwa uhakika kabisa utadhani kasomeshwa chuoni. Mie nataka niliongee kwa kirefu kwa sababu nina watoto wadogo nyumbani, na kwa sababu kwetu sie habari ya chakula kilichoanguka haikuanza na simu, ina mafunzo yake ya zamani na mazuri sana, ila naona tumeyashika nusu na nusu nyengine tumeiacha.

Kwanza hizo sekunde zenyewe, watu wameshazipima. Mwaka 2003 kule Marekani kulikuwa na msichana bado yuko sekondari, Jillian Clarke, alipata nafasi ya kujifunza kazi kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Illinois akaamua alichunguze hili. Jambo la mwanzo alilokutana nalo ni kuwa alipopima sakafu za pale chuoni, zile kavu zinazosafishwa, alikuta bakteria wachache sana, mpaka ikabidi wachukue vipande vya marumaru wavipake bakteria wa E. coli wenyewe, ndo waweke biskuti na peremende za kutafuna juu yake. Na wakapanda ndani ya hizo hizo sekunde tano. Mwaka 2004 akapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya tafiti ambazo kwanza zinachekesha alafu zinakufanya ufikiri. Watu wengi wakisimulia wanachukua hicho kipande cha mwisho tu, lakini mie naona vyote viwili vina maana, kwamba sakafu kavu na safi haina wadudu wengi, na palipo na wadudu basi hawakungoji uhesabu.

Baadae akaja Paul Dawson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Clemson, 2007, hawa wakatumia salmonela, bakteria wa kuharisha ambae mara nyingi hutoka kwa kuku mbichi. Waliiweka juu ya marumaru, mbao na zulia, ikakauka, na ikaendelea kuwa hai mpaka wiki nne. Wiki nne! Kuku umemsafisha mwanzo wa mwezi, tone limerukia sakafuni hujaliona, mwezi unaisha mdudu bado yupo hapo kavu kabisa anangoja. Na pale walipodondosha kipande cha soseji kwenye marumaru, zaidi ya asilimia 99 ya bakteria walipanda katika sekunde tano, ila kwenye zulia hawakupanda ata asilimia moja. Nani angefikiri zulia lina afadhali kuliko marumaru inayong'aa.

Kazi iliyonishibisha zaidi ni ya 2016, ya Chuo Kikuu cha Rutgers, Robyn Miranda na profesa wake Donald Schaffner. Walichukua tikiti maji, mkate mkavu, mkate uliopakwa siagi na peremende, wakavidondosha kwenye chuma, marumaru, mbao na zulia, kwa chini ya sekunde moja, sekunde tano, nusu dakika na dakika tano, vipimo 2,560 jumla. Muda ulikuwa na athari kidogo, kweli, kikikaa zaidi kinabeba zaidi, lakini ata chini ya sekunde moja wadudu walipanda. Kilichotia fora ni tikiti, mara nyengine lilibeba mpaka asilimia 97. Kwa nini, kwa sababu lina maji. Bakteria hawana miguu, wanabebwa na umajimaji, kitu kikiwa na unyevu ndo kimewapa usafiri.

Kwaiyo ukiniuliza mie, swali la "kimekaa muda gani" liondoe kabisa. Liulize hivi: kimeanguka nini, na kimeangukia wapi.

Na hapa ndo narudi kwenye mafunzo yetu. Kila mtu alielelewa Unguja au Pemba kaskia toka mdogo, tonge likianguka liokote usimwachie shetani. Hadithi hii ya Mtume, Rehma na Amani zimshukie, ni sahihi, imepokewa na Imamu Muslim kutoka kwa sahaba Jabir, Radhi za Allah ziwe juu yake, na maana yake ni kwamba likimuanguka mmoja wenu tonge lake basi aondoe kilichoingia cha uchafu kisha alile, wala asimwachie shetani, na asifute mkono wake mpaka arambe vidole, kwani hajui baraka iko katika chakula chake kipi. Sasa isome tena polepole. Aondoe uchafu, KISHA ale. Sie tunakumbuka kula, tunakumbuka shetani, ile amri ya katikati ya kuondoa tunaipita mbio, mtu anapuliza "fuu" mara moja basi, keshaondoa. Kupuliza kunatoa vumbi tu, ata mchanga uliokamata hautoki kwa kupuliza, itakuwa huyo mdudu asieonekana.

Na maulamaa hawakuliacha hili wazi. Imamu Nawawi alipokisherehesha kitabu cha hadithi cha Sahihi Muslim kaeleza vizuri, kwamba tonge likiangukia pahala penye najisi litakuwa limenajisika, lioshwe ikiwa inawezekana kuosha, na ikiwa haiwezekani basi apewe mnyama, lisiachiwe shetani. Wallahi mie nikisoma hivi naona mambo yote yamo humo, kinachosafika kisafishwe kiliwe, kisichosafika kisitupwe ovyo, yupo mwengine wa kukila. Huyo aliesema hivyo kaishi karne ya 13 hajapata kuiona darubini.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Wete na alikuwa hatupi chakula, lakini pia hakuwa mtu wa kubugia tu. Nakumbuka mkate wa kumimina ukimponyoka mtoto ukaanguka. Mnaujua ule mkate, upande mmoja umeiva laini na upande wa pili una vile vishimo vishimo, sasa ukianguka kwa upande wa vishimo mchanga unaingia ndani humo na hautoki ata ufanyeje, ukiupangusa ndo unazidi kuusukuma ndani. Bibi akiuchukua anaugeuza kwanza kwenye mwanga anauangalia. Ukiwa umeangukia mgongo, tena kwenye mkeka ndani, anaubandua ile ngozi ya juu kwa kucha, anampa mtoto kilichobaki. Ukiwa umeangukia vishimo na ni uani, hasemi kitu, anaumega vipande vidogo vidogo anawaita kuku. Mtoto akilia anakatiwa mwengine, na ikiwa hapana mwengine anapewa nusu ya wa bibi mwenyewe. Hajawahi kunisomea mambo ya bakteria ata siku moja lakini alijua nini kinasafika na nini hakisafiki.

Na ukivitazama vyakula vyetu kwa jicho hilo utaona vinatofautiana sana. Andazi lina ngozi kavu, likianguka ndani kwenye sakafu iliyopigwa deki unaweza kulibandua upande mmoja ukala. Kashata, mkate wa ufuta ule uliokauka vizuri, karanga yenye ganda lake, hivi havina tabu. Lakini halua! Halua ikianguka inakamata kila kitu, unywele, vumbi, utitiri wa mkeka, hiyo haina mjadala. Tende nayo inanata, lakini tende inaoshika, itie kwenye maji isugue vizuri uile. Kipande cha tikiti, nanasi lililomenywa, embe la pilipili lililokatwa, pweza aliekwisha kutiwa sosi, bajia iliyokuwa ndani ya urojo, hivyo vyote vina maji, vikianguka vimeshabeba. Muhogo wa nazi vilevile. Wali uliomwagika juu ya sufra safi unakusanywa, uliomwagika nje ya sufra kwenye njia wanayopita watu mie siukusanyi kwa ajili ya mtu.

Sasa ni wapi. Sie tuna neema moja kubwa ambayo hatuioni, viatu tunavua mlangoni. Ukiingia nyumba ya Kizanzibari ile baraza ina safu ya viatu, ndani ni mguu mtupu, na asubuhi watu hawajanywa chai nyumba imeshafagiliwa na deki limepigwa. Tunakula chini, tumekaa kwenye mkeka au busati, sufra imetandikwa, sinia katikati. Tonge likiponyoka hapo limeangukia pahala pasafi kuliko meza nyingi za mikahawa, ukiliokota ukala ni haki yako na ni sunna yako, wala mtu asikutie haya. Hapo sina tatizo ata kidogo. Tatizo ni kuwa mtu anaichukua ruhusa ya kwenye mkeka anakwenda kuitumia sokoni.

Na ndani ya nyumba yenyewe kuna pahala pamoja pa kuogopa, na sio ukumbini wala chumbani, ni jikoni. Wengi wetu jikoni tunafanya kazi chini. Mbuzi ya nazi iko chini, tungule zinakatwa chini, samaki anaparwa hapo au mlangoni, maji ya kuku aliyechinjwa yanarukia ukutani na sakafuni, na mtu katoka chooni kapitiliza na viatu vya chooni mpaka jikoni kufata maji. Alafu kijana anakuja anachukua kachori kwenye sinia, inamponyoka hapo hapo, anaiokota anasema ah nyumbani hapa. Ndo pale salmonela ya wiki nne inapokutana na kachori yako. Mie kwangu nimeweka sharti, viatu vya chooni haviruki kizingiti cha choo, na pale anapoparwa samaki panamwagiwa maji ya sabuni hapo hapo kabla ya kazi nyengine, na kilichoanguka jikoni ni cha paka labda kama kinaweza kurudi kwenye moto.

Mana moto unasaidia, tuseme ukweli. Kipande cha nyama mbichi kikianguka unakiosha unakirudisha chunguni kinachemka, hakuna shida, ata sambusa ikirudi kwenye mafuta ya moto inakuwa imepata tiba. Hofu ni kwa kile ambacho hakirudi tena motoni.

Uani ndo habari nyengine kabisa, na hapa nawaomba khasa ndugu zangu wa shamba na wa Pemba mnisikilize. Uani wanapita kuku, bata, mbuzi, na watoto wadogo wengine bado wanajisaidia pembeni mwa migomba. Minyoo ile mikubwa ya duara, jike moja linaweza kutaga mayai laki mbili kwa siku, mayai yanatoka na kinyesi yanaingia kwenye udongo, yanakaa wiki kadhaa yakapevuka, na kwenye udongo wenye unyevu na kivuli yanaweza kuishi miaka. Unatazama mchanga unauona msafi, umefagiwa vizuri na mistari ya ufagio inaonekana, kumbe. Na lile yai lina ngozi ya kunata, likishika kwenye chakula haling'oki kwa kupuliza wala kwa kufuta na kanga. Pemba ni miongoni mwa sehemu zilizochunguzwa sana duniani kwa habari ya minyoo ya tumbo, ile maabara ya Wawi, Chake Chake, iliyopewa jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa vimelea wa Kitaliana, na kufunguliwa 2000, kazi yake kubwa moja ni hiyo, na watoto wetu wa skuli wanapewa vidonge vya minyoo miaka na miaka sasa. Lakini kidonge kinatoa minyoo iliyoko tumboni leo, hakikuzuii kumeza mayai mengine kesho. Minyoo ya safura yenyewe ata haingoji chakula, inaingia kwa nyayo, ndo mana nikiona mtoto mguu mtupu uani na mkononi ana kipande cha mkate alichokiokota naona mambo mawili kwa pamoja.

Kipindupindu nacho hatuna haja ya kuhadithiwa. Mripuko wa mwanzo ulioandikwa rasmi hapa Zanzibar katika zama hizi ulikuwa 1978, na kabla yake huko nyuma karne ya 19 kilipita kikaua watu wengi mjini, na huu wa 2015 na 2016 wengi wetu tumeuona kwa macho, kambi za wagonjwa, na wauza vyakula na juisi wa barabarani wakapigwa marufuku. Mwaka 2018 kukawekwa mpango wa miaka kumi wa kukitokomeza. Mdudu wa kipindupindu hapendi ukavu, akikauka anakufa upesi, lakini akipata unyevu na chakula chenye maji anashangilia. Kwaiyo katika masika, mitaro imefurika, maji ya vyoo yamechanganyika na maji ya mvua njiani, usinambie habari ya kuokota kitu barabarani ata kama kimefungwa kwenye karatasi. Katika siku hizo jawabu ni moja tu.

Najua kuna watakaosema "Mwafrika hafi kwa uchafu". Neno hili linanichoma roho kwa kweli, na linasemwa kila siku, mtu anakula embe halijaoshwa anacheka anasema Mwafrika hafi kwa uchafu. Anakufa jamani. Maradhi ya kuharisha yamo katika vile vinavyoua zaidi watoto chini ya miaka mitano duniani, na watoto hao wengi ni wetu, Waafrika, na wanaosema hawafi ni wale waliobaki kusema. Mtu mzima mwenye afya atakula kilichoanguka akaumwa tumbo siku mbili akapona akasahau, mtoto wa mwaka mmoja anakauka maji kwa siku moja tu. Ndo mana hukumu ya mtu mzima sio hukumu ya mtoto, wala ya mama mjamzito, wala ya mzee, wala ya mgonjwa. Ukiamua kula tonge lako, amua kwa tumbo lako.

Wengine waliosoma zaidi wananambia uchafu unampa mtoto kinga, eti wataalamu wamesema. Nimelisoma hilo pia. Liliibuka Uingereza 1989, daktari mmoja David Strachan aliona watoto wanaoishi na ndugu wengi wanapata mafua ya mzio kidogo kuliko wanaoishi peke yao, akapendekeza labda kuambukizana udogoni kunasaidia. Ni mafua ya mzio tuliyokuwa tunazungumza hapo, na familia kubwa, na mtoto wangu hakosi ndugu wala hakosi kucheza mchangani. Hapana aliesema mtoto alishwe mkate uliotoka kwenye mavi ya kuku.

Kuna kitu kimoja kinachotoka ardhini ambacho mie nakipenda na sitokiacha, ni embe za kuokota. Msimu ukifika upepo ukivuma usiku unaziskia tu, tu, tu, juu ya mabati na mchangani, na watoto wakitoka kusali alfajiri wanakwenda chini ya mwembe na vikapu, dodo, boribo, sindano. Embe imeanguka chini lakini ina ganda lake, ganda ndo sufra yake, ukiiosha vizuri na ukanawa mikono uko salama kuliko embe iliyokatwa na kuachwa wazi sokoni. Igeuze uiangalie tu. Iliyopasuka kwa kuanguka, mchanga umeingia ndani, hiyo ikate sana au mpe mbuzi. Yenye meno ya komba au ya popo usimpe mtoto, ata kama upande wa pili ni mzima na unanukia. Popo wetu yule mkubwa wa Pemba, wa Kidike na kwengineko, hana makosa, yeye anakula riziki yake na kutawanya mbegu, ila alicholamba yeye kisirudi kwetu. Zambarau zenyewe zina ngozi nyembamba, zikianguka nyingi zinapasuka, ndo mana wenye busara wanatandika kitambaa kwanza chini alafu anapanda mtu kutikisa.

Na hapo kwenye embe kuna adabu nyengine ambayo watoto inabidi wafunzwe, ni ya nani. Mtume, Rehma na Amani zimshukie, alipita njiani akaikuta tende imeanguka, akasema lau sio kuogopa kuwa ni ya sadaka angeila. Imo katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas. Mie nikiwasomea watoto hii nawaambia tazameni, hakusema ni uchafu kwa sababu imekutwa chini, na wala hakuila kwa sababu imekutwa chini, aliuliza kwanza ni haki ya nani. Embe za mwembe wa jirani zilizoanguka kwake, unabisha hodi unaomba, na mara nyingi utapewa na za juu.

Jambo jengine, hivi mumewahi kuangalia tunavyozihangaikia karafuu? Karafuu mbichi tunazitandikia jamvi, tunazigeuza, mvua ikitishia nyumba nzima inakimbia kuanua, mtoto akikanyaga anapigiwa kelele, na wazee hawataki kuziona zimeanikwa chini kwenye lami. Sawa kabisa, ni mali na ina bei. Alafu kwenye nyumba hiyo hiyo dagaa wameanikwa mchangani wazi na paka anapita juu. Dagaa wataoshwa na kupikwa najua, lakini jamvi moja la ziada halitutii umasikini.

Kilichoanguka na hakiliki msikitie kwenye pipa. Nyumbani kwetu kipande cha mkate kikionekana njiani mtu anakiokota anakiweka juu ya ukuta au pembeni ya jiwe, kisikanyagwe, ndege wakile. Paka wa Mji Mkongwe wanaishi kwa hayo, kuku wa shamba vivyo hivyo. Mtoto nae asichapwe kwa kudondosha, mikono yake midogo, na akiogopa kuchapwa ataokota ale haraka haraka kwa kificho usimuone, ndo utakuwa umemfundisha hilo hasa ulilolikataza. Mwambie tu lete tuangalie. Akizoea kukuletea mkaangalia pamoja, akiwa skuli peke yake ataangalia mwenyewe.

La mwisho ndo lililonifanya nikae kuandika. Jioni moja nimesimama mahali na wanangu tunangoja bajia, watu wengi, yule kijana anaekaanga anafanya haraka, kijiko kimegonga ukingo wa karai bajia kama tatu zimeruka zikaanguka chini, chini pale ni maji ya kuoshea sahani na mifupa ya mishikaki na viatu vya watu. Akainama akaziokota, akazikung'uta mkononi mwake, akazirudisha juu ya zile nyengine kwenye sinia. Hakuangalia huku wala huku, ni kitu cha kawaida kwake. Na zile bajia zinakwenda kwenye urojo, zikishaingia kwenye urojo hapana atakaezijua.

Hili halina hadithi ya tonge ndani yake. Tonge langu likianguka, mie ndo nimeona limeangukia wapi, mie ndo nachagua, na tumbo ni langu. Ukiniuzia mie umenichagulia bila kunambia, na pesa umepokea, na pengine nanunua nimpelekee mama yangu mgonjwa. Katika biashara ukificha aibu ya bidhaa hiyo ni ghushi, na sie Waislamu tumekatazwa ghushi katika mizani na nafaka, itakuwa katika kitu kinachoingia mdomoni moja kwa moja. Najua mafuta ya kupikia yamepanda na bajia tatu ni pesa. Basi zirudishe kwenye mafuta uzile wewe, au weka ndoo ndogo chini ya meza utie kila kilichoanguka, usiku ukifunga kuna mwenye kuku utampa na atakushukuru. Na ukiniona mie nimesimama hapo na watoto wangu nambie tu, dada hizi zimeanguka, subiri nakukaangia nyengine. Ntasubiri.